Siku ya mtafuta kazi nayo iwe na saa ya kufunga

Ukimkuta mtu asiye na ajira bado yuko kitandani saa nne asubuhi, hukumu huwa tayari mdomoni: mvivu. Ukimwona ameinamia simu mchana kutwa, utasema hajui anachotaka. Naye mwenyewe, usiku usingizi unapomruka, hujisemea hayo hayo kwa maneno makali zaidi. Hukumu hiyo si sahihi, na ina madhara. Dawa ya mvivu tuliyoizoea ni kukaripiwa, lakini mtafuta kazi akikaripiwa hurudi palepale alipokuwa, akiwa sasa na aibu juu ya hofu.

Mengi tunayoyaita kupoteza muda katika kipindi cha kutafuta kazi ni njia za kutuliza hofu. Yanatuliza kweli, kwa dakika chache, ndiyo maana yanajirudia. Na hofu hiyo ina chanzo. Shughuli yenyewe ya kutafuta kazi haina saa ya kuanza wala ya kumaliza, haina msimamizi wa kukuambia umefanya vizuri au vibaya, mara nyingi haileti jibu lolote, na uamuzi wa mwisho uko kwa watu usiowajua. Hata mchapakazi aliyesifiwa kazini kwa miaka mingi, akiwekwa katika hali hiyo, ataanza kuokota tabia asizozifahamu. Kwa hiyo anayetaka kupunguza msongo wa mawazo asianze na kujikaza. Aanze na jinsi siku yake inavyopangwa, hasa jinsi inavyokwisha.

Mtazame mtu aliyetuma maombi jana. Leo, kabla hata hajanawa uso, anafungua barua pepe. Hakuna. Anaingia kwenye folda ya taka, huenda jibu limepotelea huko. Hakuna. Anafungua tovuti ya mwajiri, anaingiza nywila, anakutana na maneno yaleyale ya jana: maombi yako yamepokelewa. Anahakikisha simu ina mtandao, anaongeza sauti ya mlio, anaiweka mezani kifudifudi ili asiione. Baada ya dakika kumi ameishika tena. Ikifika jioni amekagua mara nyingi kiasi kwamba hawezi kuhesabu, na hakuna kazi nyingine aliyoifanya kwa ukamilifu, kwa sababu kila aliposhika jambo alilikatiza ili akaangalie.

Huyu hana kasoro ya tabia. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha, kwa majaribio ya njiwa katikati ya karne iliyopita, kwamba ndege anayepewa punje kwa nyakati zisizotabirika hudonoa kitufe kwa bidii kuliko anayepewa kila mara adonoapo, na punje zikikatizwa huchelewa sana kuacha. Kisanduku cha barua pepe cha mtafuta kazi kiko hivyo hivyo. Mara nyingi hakina kitu, lakini siku moja kitakuwa na kitu, na hakuna ajuaye ni lini. Binadamu yeyote akiwekwa mbele ya kitu cha namna hiyo atakidonoa. Ndiyo maana nia njema haitoshi kuiacha tabia hii. Kinachosaidia ni kuondoa fursa: kuzima arifa za barua pepe, kukagua mara mbili kwa siku kwa saa zilizowekwa, tuseme saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, na kuacha mlio wa simu za kawaida ukiwa wazi, kwa kuwa mwajiri mwenye haraka hupiga. Barua ya kuitwa kwenye usaili iliyosomwa saa nne baada ya kuingia ni barua ileile. Haijaharibika.

Iko tabia nyingine inayojificha vizuri zaidi, kwa kuwa inafanana na kazi. Ni kule kuperuzi matangazo ya ajira bila kuomba, na kurekebisha wasifu bila mwisho. Leo anabadilisha aina ya herufi, kesho anasogeza pambizo, keshokutwa anarudisha ilivyokuwa. Anahifadhi matangazo kumi na mawili ili ayasome vizuri baadaye, na baadaye hiyo inafika siku ambayo muda wa kuomba umepita. Ukimuuliza siku imeendaje atasema alikuwa bize, na hadanganyi. Amechoka kweli. Ila katika saa zote hizo hajafanya jambo hata moja ambalo lingemfikia mwajiri na kurudi na neno hapana.

Hapo ndipo ilipo siri yake. Maombi ambayo hayajatumwa hayawezi kukataliwa. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha mambo kunahusu zaidi namna mtu anavyoshughulika na hisia mbaya kuliko namna anavyopanga muda. Tunaisogeza kesho kazi inayotutia woga ili leo tupumue. Ukilielewa hili, ushauri wa kununua shajara nzuri zaidi au kupakua programu ya kupangia ratiba unaonekana ulivyo mwepesi. Mtu huyu anajua sana muda unavyokwenda. Kinachomshinda ni kukaa dakika ishirini na ile hisia ya kwamba huenda hatoshi.

Na kujilaumu hakumsaidii. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi walioahirisha kujisomea mtihani wa kwanza. Waliojisamehe kwa kosa hilo waliahirisha kidogo zaidi walipojiandaa kwa mtihani wa pili. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kinyume chake, kwamba mtu akijisamehe atalegea. Lakini fikiria: kama ninaahirisha kwa sababu ya hisia mbaya, basi kila tusi ninalojitukana linaongeza mzigo uleule ninaoukimbia.

Tabia ya tatu ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu inasifiwa. Ni kumwaga maombi. Mtu anakaa usiku mmoja, barua moja ya maombi, jina la mwajiri likibadilishwa juu, anatuma huku na huku mpaka macho yanauma. Jamaa zake wanasema huyu kweli anajituma. Mimi naona mtu aliyejijengea wiki sita za mateso. Kila ombi lililotumwa ni swali lililoachwa wazi kichwani, na anayeyatuma arobaini kwa mkupuo hawezi kufuatilia hata moja. Wiki ya tatu simu inaita, sauti inajitambulisha kutoka kampuni fulani, naye hakumbuki aliomba nafasi gani hapo. Anababaika, na anayepiga anasikia. Kwa upande wa mwajiri, barua isiyosema lolote kuhusu nafasi yenyewe hujulikana kwenye mistari miwili ya mwanzo. Matokeo yake ni ukimya mwingi kuliko ambao angeupata kwa maombi machache yaliyoandikwa kwa makini, na ukimya huo anausoma kama hukumu juu ya thamani yake.

Najua zipo kazi ambazo wingi wa maombi una maana, hasa zile zenye sifa zinazofanana na fomu zinazofanana. Hata huko, mtu aweke kikomo cha siku.

Nimesema siku inayokwisha, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ushahidi wake ni wa zamani na bado haujachakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kundi la watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri karibu kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Watu sasa walikuwa na muda tele. Watafiti wakaenda kuangalia maktaba. Ungetarajia vitabu viazimwe zaidi, tena ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Uazimaji ulikuwa umeporomoka kwa karibu nusu katika miaka miwili. Wakasimama kwenye barabara kuu kupima mwendo wa wapita njia, wakaona wanaume wanatembea polepole kuliko wanawake na wanasimamasimama mara kwa mara bila sababu. Wanawake wengi walikuwa na shughuli za nyumbani zilizokuwa bado zinaigawa siku. Wanaume walipoombwa kuandika walichofanya saa kwa saa, wengi walishindwa kujaza. Walikumbuka kuamka, kula na kulala. Kati ya hapo hapakuwa na cha kuandika.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira humpa mtu vitu zaidi ya mshahara: mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo linaloshirikiwa na wengine, hadhi, na ulazima wa kufanya jambo kila siku. Vyote hivyo huondoka siku moja na kazi. Mtu anadhani amepoteza kipato, kumbe amepoteza pia kile kilichokuwa kikimwambia sasa ni asubuhi, sasa ni mapumziko, sasa nenda nyumbani. Hili la mwisho ndilo tunalolisahau. Mwajiriwa, hata anayeichukia kazi yake, ana saa ambayo anaruhusiwa kuacha. Mtafuta kazi hana. Saa mbili usiku bado anaweza kuwa anatafuta, kwa hiyo kila anapocheka na watoto au kutazama mpira anahisi anaiba. Hapumziki vizuri, na hafanyi kazi vizuri. Siku yake nzima ni kijivu.

Sasa ongeza hili. Wanauchumi Alan Krueger na Andreas Mueller waliwafuatilia watu zaidi ya 6,000 waliokuwa wakipokea mafao ya kukosa kazi katika jimbo la New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 2009. Waliona kwamba kadiri wiki zilivyopita, muda ambao watu waliutumia kutafuta kazi ulipungua, na kwamba watu walikuwa na huzuni zaidi katika nyakati zilezile za kutafuta. Mwanasiasa mmoja akiyasoma matokeo hayo atasema watu wamebweteka. Mimi nasoma jambo jingine: shughuli inayoumiza kila inapofanywa, bila malipo ya njiani, itakimbiwa na mtu yeyote. Ukitaka mtu aendelee nayo kwa miezi sita, ipunguzie maumivu.

Namna ya kuipunguzia maumivu ni kuifanya ndogo na kuifunga. Saa tatu au nne za kutafuta kwa siku, kwa umakini, zinatosha kwa watu wengi. Ziwe saa zilezile kila siku, ikiwezekana asubuhi, na ziwe na mwisho unaoheshimiwa kama kengele ya kiwandani. Ikifika saa sita umemaliza, ukiacha kule kukagua barua pepe mara ya pili alasiri. Hata kama hukupata tangazo zuri, umemaliza. Mchana ni wa kujifunza, kazi za nyumbani, kibarua, kutembelea watu, mazoezi. Wapo watakaosema hii ni anasa, kwamba kutafuta kazi ni kazi ya saa nane. Nimewaona wanaojaribu saa nane. Saa tatu za kwanza wanaandika maombi, tano zilizobaki wanadonoa simu.

Namna unavyofunga ina uzito wake. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huendelea kuivuta akili, ila mtu akiandika mpango mahususi wa lini na vipi atalishughulikia, mvuto huo hupungua hata kabla hajalifanya. Basi dakika kumi za mwisho ziwe za kuandika kesho: saa mbili na nusu nitamaliza aya ya pili ya barua ya nafasi ya uhasibu; saa nne nitampigia yule niliyefanya naye kazi zamani. Andiko la namna ya "kesho nitajituma zaidi" halifungi kitu. Peter Gollwitzer, aliyefanya tafiti nyingi juu ya jambo hili, anapendekeza mpango uwe na sharti ndani yake: ikitokea hivi, nitafanya hivi. Nikijikuta nimefungua tovuti ya matangazo baada ya saa sita, nitaifunga na kutoka nje. Nikipokea barua ya kukataliwa, nitaiandika kwenye daftari langu na nitasubiri mpaka kesho kabla ya kuamua lolote. Inaonekana kama mchezo wa kitoto mpaka ujaribu wakati wa huzuni, ambapo akili haina nguvu ya kuamua na inashukuru kukuta uamuzi ulishafanywa.

Hilo daftari lenyewe ni la lazima, kwa sababu mtu anayetafuta bila kumbukumbu hujipima kwa kitu kimoja tu, kupata au kutopata, na kwa kipimo hicho anafeli kila siku hadi siku ya mwisho. Hakuna moyo unaostahimili hivyo. Jipime kwa yaliyo mikononi mwako: maombi mangapi niliyoyaandika kwa makini wiki hii, watu wangapi niliozungumza nao, mazoezi mangapi ya usaili niliyofanya kwa sauti. Kisha, baada ya wiki kadhaa, daftari litakuambia kitu ambacho hofu haiwezi kukuambia. Kama umetuma maombi mengi mazuri na huitwi kabisa, tatizo liko kwenye wasifu, kwenye barua, au unaomba nafasi zisizolingana na uzoefu wako. Kama unaitwa kwenye usaili lakini hupiti, wasifu uache kabisa, hauna kosa. Kaa na mtu akuulize maswali, jirekodi, jisikilize. Kama unafika hatua ya mwisho kila mara na kukosa, basi uko karibu sana, na huenda ni suala la ushindani zaidi kuliko udhaifu wako. Hizi ni hali tatu zenye tiba tofauti, lakini kwa mtu asiye na daftari zote zinasikika sawa: sitakiwi.

Wengi hudhani kukataliwa ni ajali ya njiani, kwa hiyo kila kunapotokea kunawakuta uchi. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walianzisha mafunzo ya siku chache kwa watu waliopoteza kazi. Pamoja na kufundisha namna ya kutafuta, walitenga muda wa kuwauliza washiriki nini kinaweza kwenda mrama na watafanya nini kikitokea. Simu isiporudishwa? Usaili ukiharibika katikati? Kundi likajadili majibu kabla mambo hayajatokea. Waliopitia mafunzo hayo walipata ajira haraka kuliko wasiopitia, na walipungukiwa dalili za sonona. Baadaye Finland ikayachukua na kuyatumia kwake. Huhitaji kusubiri serikali yako iyalete. Watafuta kazi watatu au wanne wakikutana mara moja kwa wiki wanaweza kufanya jambo hilohilo, na kukutana kwenyewe kunarudisha sehemu ya kile Jahoda alichokisema.

Hili la watu ni gumu, kwa sababu aibu hufanya kazi yake kimyakimya. Mtu huanza kwa kukwepa sherehe moja, ili asiulizwe. Kisha anaacha kujibu kwenye kundi la waliosoma pamoja, maana wenzake wanapongezana kupandishwa vyeo. Mwishowe anazungumza na watu wawili tu, na wote hawana habari ya nafasi yoyote. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi huja mara nyingi kupitia watu tunaowafahamu kwa mbali, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Aibu basi inamkata mtu kutoka kwa wale hasa wenye uwezekano wa kumsaidia. Kuvunja ukuta huo hakuhitaji kuomba kazi. Omba maelezo: kazi yenu inahitaji ujuzi gani siku hizi, mnawapataje watu, ungekuwa mimi ungeanzia wapi. Swali la namna hiyo halimbani mtu, na wengi hufurahi kulijibu. Kuna wanaosema hiyo ni kutafuta mlango wa nyuma. Sikubaliani nao. Kuuliza njia si kupewa upendeleo.

Kwa wale ambao wanaona hawana wa kuzungumza naye, ipo karatasi. Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker walichapisha mwaka 1994 utafiti juu ya wataalamu walioachishwa kazi, wengi wao wahandisi. Baadhi waliombwa waandike kwa siku tano, dakika ishirini kila siku, mawazo na hisia zao za ndani kabisa kuhusu kuachishwa huko. Wengine waliandika mambo ya kawaida, na wengine hawakuandika. Waandishi wa hisia walipata kazi mapema zaidi, ingawa hawakuwa wametafuta kwa bidii kuliko wenzao. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba hasira iliyoandikwa haiingii tena chumba cha usaili. Ukiwa bado unachemka juu ya mwajiri wako wa zamani, swali dogo la "kwa nini uliondoka?" linatosha kukuponza.

Kuhusu mwili sitasema mengi, kwa kuwa yanajulikana. Amka saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya, kwa sababu saa ya kuamka na mwanga wa asubuhi ndivyo vinavyorekebisha usingizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Pombe ya kutafutia usingizi hukulaza haraka na kukuamsha usiku wa manane, ukiwa na wasiwasi zaidi. Na wasiwasi wa pesa, ambao ndio mama wa wasiwasi wote hapa, hupungua ukiandikwa. Kaa siku moja uandike ulichonacho, kinachotoka kila mwezi, na miezi mingapi unaweza kwenda. Jibu laweza kuwa baya. Bado ni afadhali kuliko kulikisia kila usiku. Likionyesha muda ni mfupi, chukua kibarua au kazi ya muda bila kuona haya, mradi kisimeze saa zako zote za kutafuta. Baadhi ya wataalamu huogopa kwamba itaharibu wasifu. Pengo refu tupu nalo lina gharama yake: jaribio kubwa lililofanywa Marekani na Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo, lililochapishwa mwaka 2013, lilituma maelfu ya wasifu wa kubuni na kuonyesha kwamba kadiri miezi ya kukaa bila kazi ilivyozidi, ndivyo waajiri walivyopunguza kupiga simu.

Matokeo hayo yananikasirisha, na ni haki yaseme kitu kwa waajiri pia. Kuna sehemu ya msongo huu ambayo hakuna ratiba wala daftari la kuiondoa, kwa kuwa inatengenezwa na wanaoajiri. Kutangaza nafasi, kupokea mamia ya maombi, na kukaa kimya kana kwamba hakuna aliyeandika, ni tabia mbaya iliyozoeleka. Mifumo ya siku hizi inaweza kutuma barua ya kukataa kwa waombaji wote kwa mara moja. Barua fupi inayosema nafasi imejazwa humwezesha mtu kufuta mstari mmoja kwenye daftari na kusonga. Aliyemwita mtu mpaka kwenye usaili ana deni kubwa zaidi, la kumwambia walau sentensi moja ya kweli kuhusu alipopungukiwa.

Nyumbani nako kuna la kubadilisha. "Vipi, umepata?" ni swali linaloulizwa kwa upendo, lakini anayeulizwa hana jibu ila hapana, na kesho ataulizwa tena. Mambo mengine ya kumuuliza yapo: uliandika ile barua, nikusikilize ukifanya mazoezi ya usaili, kuna mtu naweza kukuunganisha naye. Na saa yake ya kufunga ikifika, mwacheni acheke bila kukumbushwa.

Mwisho kuna jambo ambalo si la ratiba kabisa. Karl Paul na Klaus Moser, walipokusanya mamia ya tafiti mwaka 2009, walikuta wastani wa asilimia 34 ya wasio na kazi wakiwa na matatizo ya kisaikolojia, dhidi ya asilimia 16 ya walioajiriwa. Maana yake theluthi nzima ya watu walio katika hali hii wako pabaya kuliko uchovu wa kawaida. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, mtu hana furaha na chochote, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, anajiona mzigo kwa wengine, hapo tuache kuzungumza juu ya tabia. Huo ni ugonjwa, unatibika, na aende kwa daktari au mshauri wa afya ya akili wiki hiyohiyo bila kungoja ajira ije kumponya. Akianza kuzungumzia kufa, hata kwa mzaha, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.